Jina la Rubani na Majina ya Waliokufa

Mazungumzo kwa viongozi walei katika semina ya haki na amani

Swali tuliloletewa lasema hivi: baada ya vita kwisha, ni nani anayestahili kupewa heshima? Swali hili si jepesi kama linavyosikika. Bunduki zikishanyamaza, kazi nyingine huanza, nayo ni kazi ya kuandika majina. Majina huandikwa kwenye sanamu, kwenye milango ya shule, kwenye vibao vya barabara na vya kambi za askari. Yule anayeyachagua majina hayo ndiye anayewaambia watoto: huyu ndiye wa kuigwa.

Tumeona ni vema tulijibu swali hilo kwa kutazama mfano mmoja wa mbali, kusudi tuweze kuupima bila hasira na bila upendeleo wa ukoo au kabila. Mfano wenyewe ni wa marubani wa ndege za kivita wa Ujerumani katika vita kuu mbili za karne ya ishirini, na hasa mmoja wao aliyeitwa Werner Mölders. Vijana wetu wamekwisha kuwaona marubani wa namna hiyo katika sinema na katika vitabu vya picha, nao huwahesabu kuwa mashujaa waliopigana kiungwana. Tumemchagua Mölders kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa Mkatoliki aliyeshika imani yake. Pili, kwa namna nyingi alikuwa mtu mwema. Kama angalikuwa mkatili, somo letu lingalikuwa rahisi mno.

1. Jinsi shujaa wa angani alivyotengenezwa

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, ndege zilikuwa vyombo dhaifu vya mbao na nguo, na kazi yake kubwa ilikuwa kupeleleza majeshi ya adui yalipo. Mwaka 1915 kiwanda cha Anthony Fokker, Mholanzi aliyefanya kazi Ujerumani, kilitengeneza mtambo ulioiwezesha bunduki ya rashasha kupiga risasi katikati ya mapanga ya rafadha yanayozunguka, bila kuyavunja. Tangu hapo rubani aliielekeza ndege yake nzima kwa adui, kama mtu aelekezavyo mtutu wa bunduki.

Wa kwanza kupata sifa kwa silaha hiyo mpya walikuwa Max Immelmann na Oswald Boelcke. Tarehe 12 Januari 1916 wote wawili walipewa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Prussia. Kabla mwaka huo haujaisha, wote wawili walikuwa wamekufa. Boelcke aliacha kanuni alizowaandikia marubani wenzake, nazo ziliendelea kufundishwa muda mrefu baada yake. Aliwafundisha wajitahidi kuwa na jua mgongoni, wamshambulie adui kutoka nyuma, na wasipige risasi mpaka wamemkaribia. Tuyapime mafundisho hayo, ndugu zetu. Hizo si kanuni za waungwana wawili wanaokabiliana uso kwa uso. Ni kanuni za mwindaji anayevizia.

Mwanafunzi wake aliyevuma kuliko wote ni Manfred von Richthofen, ambaye watu humkumbuka kwa ndege yake nyekundu. Kati ya Septemba 1916 na Aprili 1918 alihesabiwa kuangusha ndege 80. Kwa kila ndege aliyoiangusha alijiagizia kikombe cha fedha kwa sonara wa Berlin, mpaka vikombe vikafika 60, na madini ya fedha yakaadimika nchini. Aliuawa tarehe 21 Aprili 1918, kabla hajatimiza umri wa miaka 26.

Kwa nini serikali ziliwatukuza vijana hawa kiasi hicho? Jibu liko chini, ardhini. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya mto Somme huko Ufaransa, jeshi la Uingereza peke yake lilipoteza zaidi ya askari 19,000 waliokufa. Hao walikufa matopeni, mbele ya senyenge, wala hakuna aliyeziangalia nyuso zao. Taifa linalozika vijana wake kwa maelfu lahitaji uso mmoja wa kutazama. Rubani alikuwa na uso: picha yake iliuzwa kwenye kadi za posta. Alikuwa na jina, tena alikuwa na idadi iliyopanda kila wiki. Kwa hiyo basi, shujaa wa angani alikuwa pazia zuri lililotundikwa mbele ya kaburi kubwa.

2. Kutoka kikosi cha Richthofen hadi Guernica

Wengi hudhani kwamba kulikuwa na vita vya aina mbili mbalimbali: vita safi vya marubani mashujaa, na vita vichafu vya mabomu juu ya miji. Historia yatuonyesha kwamba vita hivyo vililelewa katika nyumba moja.

Baada ya kifo cha Richthofen, kamanda wa mwisho wa kikosi chake alikuwa Hermann Göring, naye alihesabiwa kuangusha ndege 22. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa jeshi la anga la utawala wa Kinazi. Katika kikosi hicho hicho alikuwamo kijana mwingine, Wolfram von Richthofen, binamu wa Manfred. Siku ile Manfred alipouawa, Wolfram alikuwa katika safari yake ya kwanza ya mapigano angani.

Miaka kumi na tisa baadaye Wolfram alikuwa Hispania, mkuu wa shughuli za kivita wa kikosi kilichoitwa Legion Condor, ambacho Hitler alikipeleka kumsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 26 Aprili 1937, siku ya Jumatatu ambayo ilikuwa desturi kuwa ya soko, ndege za kikosi hicho pamoja na ndege za Italia ziliushambulia mji mdogo wa Guernica, mji unaoheshimiwa na watu wa kabila la Wabaski. Mabomu ya kubomoa yalitangulia, yakafuata ya kuchoma moto. Shambulio liliendelea zaidi ya saa tatu. Mashahidi walieleza kwamba ndege ndogo za kivita ziliwashukia watu waliokuwa wakikimbilia mashambani na kuwamiminia risasi. Mamia ya watu walikufa, na wanahistoria hawajakubaliana juu ya idadi yao kamili. Upande wa Franco ulikana kabisa, ukadai kwamba Wabaski wenyewe waliuteketeza mji wao.

Angalieni tofauti ya hesabu. Ndege 80 za Manfred zajulikana moja moja, kwa tarehe, kwa mahali na kwa majina ya walioangushwa. Watu waliokufa sokoni Guernica hata idadi yao yabishaniwa. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Nasi twaongeza: tembo huandikwa majina yao, nyasi hazihesabiwi.

3. Maisha ya Werner Mölders

Mölders alizaliwa tarehe 18 Machi 1913 katika mji wa Gelsenkirchen. Baba yake, aliyekuwa mwalimu, aliuawa vitani mwaka 1915, na mtoto alilelewa na mama katika mji wa Brandenburg. Alikuwa katika chama cha vijana Wakatoliki, na urafiki wake na padre wa ujanani mwake ulidumu hata alipokuwa afisa mkubwa.

Alipoomba kuwa rubani, mara ya kwanza alikataliwa na madaktari, maana alipata kizunguzungu na kutapika. Hakukata tamaa. Alijizoeza mpaka mwili wake ukatii. Mwezi wa Aprili 1938, mwaka mmoja baada ya Guernica kuchomwa, alipelekwa Hispania katika Legion Condor, akahesabiwa kuangusha ndege 14. Huko ndiko alikoendeleza mpango wa ndege nne kuruka pamoja, mbili na mbili, kama ncha za vidole vya mkono ulionyooshwa, ili kila rubani amlinde mwenzake. Majeshi ya anga ya nchi nyingi yaliuiga mpango huo.

Marubani waliokuwa chini yake walimwita Baba, kwa jinsi alivyowatunza. Mwezi wa Julai 1941 alikuwa rubani wa kwanza duniani kuhesabiwa ndege 100 katika Vita Kuu ya Pili, bila kuzitia zile za Hispania. Hitler alimpa nishani ambayo hakuna askari aliyewahi kupewa kabla yake, kisha akakatazwa kwenda tena mapiganoni ili jina hilo lisipotee. Alipewa cheo cha kusimamia ndege zote za mapambano akiwa na umri wa miaka 28 tu. Septemba mwaka huo alifunga ndoa kanisani, mbele ya padre yule wa ujanani mwake. Tarehe 22 Novemba 1941, akiwa abiria katika ndege iliyokuwa ikimrudisha kutoka vitani Urusi kwenda kwenye mazishi ya afisa mwenzake, ndege hiyo ilianguka karibu na Breslau, naye akafa. Serikali ilimzika kwa fahari kubwa mjini Berlin, katika makaburi alimozikwa Richthofen.

Huyo ndiye mtu wetu: yatima wa vita, Mkristo, mume, kiongozi aliyewajali walio chini yake. Hatuna sababu ya kumnyima wema wake. Lakini hatuna budi kuuliza: wema huo ulitumika kwa kazi gani? Ndege ya kivita haiendi angani kwa mashindano. Kazi yake ni kufungua njia. Mwaka 1940 marubani wa Mölders waliruka kuzilinda ndege kubwa zilizokwenda kuitwanga Uingereza kwa mabomu, na London ilipoanza kushambuliwa mwezi wa Septemba, watu wake walikufa usiku na mchana. Mwaka 1941 walifungua anga juu ya Urusi, na nyuma ya majeshi yaliyosonga mbele wakafuata wauaji waliowakusanya Wayahudi, wanaume kwa wanawake na watoto, wakawapiga risasi kando ya mashimo. Mlinda mlango hakushika kisu, lakini bila yeye mwenye kisu asingaliingia.

4. Barua iliyoghushiwa

Sasa tunafika kwenye jambo linalotuhusu sisi watu wa parokia kwa namna ya pekee.

Mwanzoni mwa mwaka 1942, wiki chache baada ya kifo cha Mölders, ilienea Ujerumani nakala ya barua iliyosemekana kwamba aliiandika yeye kwa padre mmoja wa mji wa Stettin. Barua hiyo ilimwonyesha kuwa Mkatoliki shupavu, aliyefurahi kwamba askari wengi waliodhihaki dini walikuwa wakiirudia mbele ya mauti. Uvumi ukaongezwa juu yake, kwamba hakufa kwa ajali bali aliuawa na watu wa Chama cha Nazi. Watu waliinakili kwa mkono na kwa mashine za chapa. Mapadre waliisoma mimbarani, na wachungaji wa Kiprotestanti vilevile. Serikali ilighadhabika, na baadhi ya walioieneza walitiwa gerezani.

Barua hiyo ilikuwa ya uongo. Iliandikwa Uingereza, katika ofisi ya siri ya propaganda iliyoongozwa na mwandishi wa habari Sefton Delmer, na ndege za Uingereza zikaiangusha Ujerumani kana kwamba ni karatasi za Wajerumani wenyewe. Delmer alikiri jambo hilo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1962.

Tusiwacheke waliodanganyika. Kuisoma barua ile mbele ya watu kulihitaji ujasiri, na wengine waliulipia kwa minyororo. Lakini tujiulize kwa nini iliaminiwa upesi hivyo. Tunaona kwamba iliwapa waamini kitu walichokitamani sana: shujaa mwenye nishani zote za taifa ambaye papo hapo alikuwa wa Kanisa. Kwa shujaa wa namna hiyo mtu angeweza kuipenda imani na kuushangilia ushindi kwa moyo mmoja, bila kuchagua. Shujaa huyo hakumdai mtu kitu chochote. Hakuuliza vita vile vilikuwa vya haki au la. Hakuuliza majirani Wayahudi walipelekwa wapi.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nasi twajua kwamba uongo hauwi kweli kwa sababu umemchoma adui yetu.

5. Waliosema kweli

Walikuwapo wengine waliosema kweli bila nishani. Katika miezi ya Julai na Agosti 1941, Clemens August von Galen, Askofu wa Münster, alihubiri mara tatu dhidi ya maovu ya serikali. Tarehe 3 Agosti alieleza waziwazi jinsi wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu walivyokuwa wakichukuliwa hospitalini na kuuawa, akaliita jambo hilo mauaji. Naye pia alikuwa na mipaka yake: hakuipinga vita yenyewe, wala hakupaza sauti hiyo hiyo kwa ajili ya Wayahudi. Hata hivyo maneno yake yalikuwa yake, na ushahidi wake ulikuwa wa kweli.

Katika mji wa Lübeck mapadre watatu, Johannes Prassek, Eduard Müller na Hermann Lange, pamoja na mchungaji Mlutheri Karl Friedrich Stellbrink, walizinakili hotuba hizo na kuzigawa kwa watu. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1942, ndege za Uingereza ziliuchoma mji huo kwa mabomu, na zaidi ya watu 300 wakafa. Asubuhi yake mchungaji Stellbrink aliwaambia waumini wake kwamba katika moto ule Mungu alikuwa amesema. Siku chache baadaye alikamatwa, na mapadre watatu wakafuata. Tarehe 10 Novemba 1943 wote wanne walikatwa vichwa katika gereza la Hamburg, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa dakika chache. Mapadre hao watatu walitangazwa wenye heri mwaka 2011, na mchungaji Stellbrink alikumbukwa pamoja nao katika ibada hiyo.

Pimeni wenyewe. Mwaka 1941 Ujerumani nzima ililijua jina la Mölders. Jina la Prassek lilijulikana parokiani pake tu.

6. Jina laondolewa

Baada ya vita, Ujerumani ya Magharibi ilipounda upya jeshi lake, ilihitaji majina ya heshima. Jina la Mölders lilionekana kufaa, kwa kuwa alikuwa hodari, muumini, wala hakuwa miongoni mwa wakuu waliohukumiwa. Manowari moja ikapewa jina lake, kambi moja pia, na mwaka 1973 kikosi cha ndege za kivita cha Neuburg.

Mwezi wa Aprili 1998 Bunge la Ujerumani liliamua kwamba waliotumikia Legion Condor wasiendelee kuheshimiwa kwa majina ya vikosi na kambi. Miaka ilipita, na Januari 2005 Waziri wa Ulinzi, Peter Struck, akaagiza jina la Mölders liondolewe. Maafisa wengi wastaafu walipinga kwa nguvu. Walisema hakuwapo Guernica. Ni kweli, hakuwapo. Walisema alikuwa mtu wa dini na mwenye utu. Hilo nalo lina ukweli. Waliounga mkono uamuzi huo walijibu kwamba suala halikuwa tabia ya mtu mmoja. Suala lilikuwa hili: askari wa nchi yenye kufuata haki waambiwe kumfuata nani?

Sisi twaona kwamba uamuzi huo ulikuwa wa haki. Kuondoa jina ukutani si kumhukumu mtu. Hukumu ya roho ya Mölders ni ya Mungu peke yake. Lakini ubao wa langoni ni wajibu wetu sisi wanadamu, na watoto wa Guernica wanaopita mbele yake wana haki ya kusikilizwa kabla haujatundikwa.

Wala tusidhani swali hili ni la Wajerumani tu. Mwezi wa Julai 1943 ndege za Uingereza na Marekani ziliishambulia Hamburg, na makumi ya maelfu ya raia waliteketea. Februari 1945 watu wapatao 25,000 walikufa Dresden. George Bell, askofu Mwanglikana wa Chichester, alisimama katika Baraza la Malodi tarehe 9 Februari 1944 akapinga kuiteketeza miji mizima, na wengi wakamchukia kwa kusema hivyo wakati wa vita. Sanamu ya Arthur Harris, aliyeyaongoza mashambulio ya Waingereza, ilipozinduliwa London mwaka 1992, walikuwapo waliosimama kupinga. Mshindi naye hana budi kuulizwa.

7. Je, wema wa mtu vitani ni bure?

Mtatuuliza: basi rubani hawezi kutenda mema? Aweza. Tarehe 20 Desemba 1943 ndege kubwa ya Marekani iliyotoka kushambulia Bremen ilikuwa ikijikokota kurudi Uingereza, imetobolewa kila mahali. Mmoja wa wapiga bunduki wake alikuwa amekufa, na wengine walikuwa wamejeruhiwa. Rubani Mjerumani Franz Stigler aliifikia, akaona kupitia matundu jinsi watu walivyokuwa wakihangaika kumhudumia mwenzao. Hakupiga risasi. Aliruka ubavuni mwao mpaka baharini, akawapungia mkono kwa heshima ya kijeshi, akarudi. Mwaka 1990 yeye na rubani wa ndege ile, Charles Brown, walikutana wakiwa wazee, wakawa marafiki mpaka walipofariki wote wawili mwaka 2008.

Lakini angalieni jambo moja. Stigler alilazimika kulificha tendo lake, maana angeweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Ndege aliyoiangusha iliandikwa kitabuni. Watu aliowaacha hai hawakuwa na pahali pa kuandikwa. Utawala unaompa mtu nishani kwa kuua na kumtisha kwa sababu ya kuhurumia, umekwisha kujihukumu wenyewe.

8. Nasi je?

Vita vile havikupita mbali nasi. Novemba 1917 chombo kikubwa cha angani cha Wajerumani, Zeppelin L 59, kiliondoka Bulgaria kikija kusini na shehena ya dawa na silaha kwa ajili ya jeshi la Jenerali Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana katika nchi yetu. Kiliitwa kirudi kilipokuwa kimefika karibu na Khartoum. Safari yake imeandikwa kwa makini: zaidi ya kilomita 6,700 kwa muda wa saa 95 hivi, bila kutua.

Wakati huo huo, katika misitu na mabonde ya kusini, babu zetu walikuwa wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kwa kuhara na kwa homa. Kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, majina yaliyotokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza. Tunalitaja jina la Kariakoo kila siku, bila kukumbuka waliobeba mizigo hiyo. Kilomita za Zeppelin zilihesabiwa. Wapagazi wengi hawakuandikwa hata jina.

Kwa hiyo twawasihi mambo matatu. La kwanza: mnapotaka kumpa mtu heshima, msiulize tu kama alikuwa hodari na mcha Mungu. Ulizeni pia kazi yake ilimfungulia nani mlango. La pili: habari ikija bila mwenyewe, iwe karatasi au ujumbe wa simu, msiisome mbele ya watu kwa sababu tu inawasifu walio wenu. Tafuteni kwanza aliyeiandika. La tatu: katika kila jumuiya wapo wazee wanaowakumbuka waliokufa katika vita, katika magomvi ya ardhi au katika vurugu za kisiasa. Kaeni nao, yaandikeni majina hayo, ya pande zote mbili, kabla wazee hao hawajaondoka.

Mtu aliyeuawa amenyang'anywa uhai. Tukiliacha na jina lake lipotee, tunamnyang'anya mara ya pili.



Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika eneo letu, ni majina ya nani yaliyoandikwa kwenye shule, barabara na majengo? Ni nani waliosahauliwa?

2. Je, mtu mwema aweza kuitumikia kazi mbaya bila kujua? Atatambuaje?

3. Tumewahi kueneza habari isiyo ya kweli kwa kuwa ilitupendeza? Matokeo yake yalikuwa nini?

4. Nani katika jumuiya yetu atachukua jukumu la kuwatembelea wazee na kuyaandika majina?